Feni za Kompyuta ya Lachlan

Townsville, Januari

Mama Heather,

Huku tupo, ila joto limetuelemea na mvua inatutania tu. Soksi ulizonifumia zimefika. Nitazivaa nikija huko kwenu Hobart kwenye baridi.

Ile kompyuta ambayo Lachlan aliiweka kabatini, yenye picha zetu zote, ilianza kujizima kwa joto. Feni zake zilikuwa zimechakaa, zikinguruma hadi sebuleni. Nikaenda dukani.

"Dada, unataka upepo mwingi au kimya?" muuzaji akaniuliza. "Hizi kubwa huzunguka polepole, hazina kelele."

"Kimya."

"Mumeo atakushukuru."

"Tulimzika Agosti," nikasema, kama mtu anayeulizia mkate. Maskini, akasahau hata kunirudishia kadi ya benki.

Feni mpya nilizifunga mwenyewe kwa bisibisi ya Lachlan. Picha ziko salama, Mama, pamoja na zile za utoto wake. Lakini nyumba ikanyamaza mno. Kumbe ule mngurumo ndio ulionifanya nidhani yuko chumba cha pili. Nikafungua kabati, nikaweka kiganja nyuma ya kompyuta, nikahisi hewa ya uvuguvugu ikitoka. Nikakaa pale hadi chai ikapoa.

Sikulia. Nakwambia tu ili ujue.

Mkweo,
Tegan