Majibu ya Baba

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila masomo yananikamua. Sasa tunajifunza kupima afya ya akili: mtu anajibu maswali, unajumlisha alama, unaona kama huzuni yake imekuwa ugonjwa. Mwalimu anataka kila mmoja wetu afanye mazoezi kwa mtu mzima anayemfahamu, nami nimekuchagua wewe. Unalalaje? Chakula kina ladha? Umewahi kutamani usiamke? Nijibu upesi, nisionekane mzembe.

Mwanao,
Kitindamimba

15 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mguu haujambo, na cherehani bado inanitii. Nalala fofofo. Nakula mpaka nalamba sahani. Kutamani nisiamke, hata siku moja. Nani atamalizia suruali za watu? Mwambie mwalimu wako baba yako ni chuma.

Ni mimi,
Baba

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujambo kweli? Mwalimu alisoma majibu yako akanibakiza darasani. Akasema, "Mzee amefiwa na mkewe mwaka huu, halafu hana hata usiku mmoja mbaya? Huyu hakujipima, amekufurahisha wewe." Baba, naogopa. Niambie ukweli, nakusihi.

Mwanao

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nilijua mtihani ni wako. Nikaona baba mgonjwa atakushushia alama.

Usingizi sina tangu tumzike mama yako. Chakula nampa paka wa jirani. Na lile swali la mwisho, jibu ni kila asubuhi. Suruali za watu nimezirudisha bila kushonwa, na shangazi yako nimemwambia aje achukue cherehani. Usilie. Soma.

Baba

6 Mei

Kitindamimba,

Hujambo, mwanangu? Ulirudi chuoni salama? Siku ile ulipoingia mbio na shangazi yako mkanileta hospitali, nilikukasirikia sana. Hasira bado ipo, ila imepungua. Hapa wodini wamenichukulia mkanda. Fundi mzima natembea nimeshika suruali kwa mkono!

Leo amekuja binti mmoja, naye anajifunza kupima, na maswali ni yale yale. Wewe nilikuonea huruma. Huyu nikasema moyoni, akifeli ana baba yake. Nikamjibu yote, hata yale ambayo wewe sikukuandikia. Akaacha kuandika, akanishika mkono, tukakaa hivyo.

Asubuhi bado ni nzito, sikufichi. Njoo Jumamosi.

Baba yako