Yupo, Yuko, Yumo

Dada Zubeda,

Darasa lako ninalo mimi sasa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza hali ya mama yako. Mama hajambo. Ijumaa nilipita pale dukani kwenu Voi, akanikalisha nyuma ya kaunta, akanipa kahawa. Nguo zako amezigawa zote isipokuwa kanga ile ya zambarau.

Siku uliyozikwa nilikaa ndani na wanawake. Jeneza likatoka, wanaume wakapokezana, na mimi Mkristo wa Ronge nisiyejua taratibu zenu nikabaki nimeshika mlango. Hata sasa mkono wangu unazikumbuka mbao zake.

Baadaye mkuu wa chuo chetu cha ualimu aliniita. Akanitaka nilishike darasa lako la falsafa mpaka muhula uishe, halafu lifutwe. "Taifa letu bado changa, Mwalimu Wakesho. Hawa wanakwenda kufundisha watoto kusoma na kuhesabu. Metafizikia ya nini?" Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Akasema ndiyo maana amenichagua, sitalililia likifungwa.

Basi nikaingia na kitabu chako. Nikaandika ubaoni kwamba metafizikia ni elimu inayochunguza kuwako kwa vitu na asili yake. Wakanakili, vichwa chini, kimya kama kanisani. Ungenicheka, wewe uliyezoea kuniambia, "Wakesho, usiwape jibu la swali ambalo hawajauliza."

Halafu Mghoi, yule msichana mrefu wa Mraru, akasimama. "Samahani, Mwalimu. Mwalimu Zubeda yuko wapi sasa?"

Zubeda, nilitaka kutoka nje. Nikageukia ubao wasinione uso. Falsafa sikuwa nayo, kwa hiyo nikaandika ninachokijua: yupo, yuko, yumo. Nikawauliza, bila kugeuka, tuchague lipi, na kwa nini.

Hapo darasa likaamka. Mmoja akasema yupo, maana tunamtaja, na asiyekuwapo hatajwi. Mwenzake akamkatiza: mbona sungura wa hadithi tunamtaja? Mwanaisha akasema yuko, kwa Mola wake, mahali tusipoweza kupanyooshea kidole. Ndipo Mwadime, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno, akaeleza kwamba kwao mlimani fuvu la babu wa babu yake limewekwa pangoni pamoja na mafuvu ya wazee wengine, na alipokuwa mdogo alifundishwa kusalimia akipita hapo. "Fuvu limo," akasema. "Nimeliona kwa macho yangu. Lakini babu, yumo?"

Kengele ililia, wakaendelea kukaa.

Tangu hapo nasoma vitabu vyako kwa bidii ambayo ungeishangaa. Naelewa nusu, nusu nyingine nawapelekea wanafunzi tuhangaike nayo pamoja. Tumebishana mpaka sauti zikakauka kuhusu mto Voi: ukibaki mchanga mtupu, kuna mto au hakuna? Na maji yakirudi, ni mto ule ule? Niliwapeleka hadi kwenye mchanga wenyewe, wakasimama katikati wakibishana, na wenye ng'ombe wakatutazama kama wagonjwa.

Habari zikamfikia mkuu. Akaja kukaa nyuma ya darasa, mikono kifuani. Kabla kipindi hakijaisha akamwuliza Mghoi mambo haya yatamsaidia nini mwalimu wa darasa la kwanza.

Mghoi alisimama. "Mwalimu Mkuu, mtoto wa darasa la kwanza ndiye atakayeniuliza nyanya yake amekwenda wapi. Nikimfukuza, hataniuliza tena kitu. Nikimdanganya, siku moja atajua. Nataka niweze kukaa naye na swali lake."

Mkuu aliinuka akatoka. Alinisubiri nje. "Mpaka mwisho wa mwaka," akasema.

"Na mwaka ujao," nikasema.

Akanitazama sana. "Juu ya vipindi vyako vya Kiswahili?"

"Juu yake."

Jumatatu ratiba mpya ilibandikwa. Falsafa imo, na jina langu mbele yake. Nilisimama pale nikalia mbele ya watu, kisha nikajifuta nikaingia kipindi.

Najua utataka kusikia jibu langu mimi. Kanisani nina jibu, na mama yako ana lake, na yote mawili yananituliza jioni. Lakini nikiwa mbele ya wale vijana siwezi kusema najua. Nasema nakutafuta. Wananielewa.

Pumzika, dada yangu. Nimekulilia vya kutosha, na bado nitakulilia. Ila nakuahidi hili: maadamu nina nguvu za kusimama, hakuna mwanafunzi atakayetoka mle darasani amenyamazishwa kwa kuwa swali lake ni zito kuliko mwalimu.

Wako,
Wakesho