Chafya Saba Nyuma ya Majora

Kaka Yusufu,

Salamu nilikupa mwenyewe juzi pale makaburini Jinja, kwa sauti, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita akaongeza mwendo. Leo nazirudia kwa kalamu kwa sababu pale sikuweza kusema nililokuja kusema. Sasa nimesharudi Mbale, nimefungua duka, nimekalia mikeka ambayo haijapata mnunuzi, na mvua inashuka kutoka mlimani kiasi kwamba hakuna mteja atakayetukatiza.

Kwanza habari za nyumbani, maana najua ungeziuliza. Dua ya arobaini yako ilisomwa vizuri. Pilau iliungua chini, na mkeo akamlaumu kila mtu isipokuwa mpishi, ambaye ni yeye. Cherehani yako ipo, mwanao Twaha ameifunika shuka na hataki mtu aiguse. Sketi za shule ulizozikata kabla hujalazwa bado zimefungwa kamba, vipimo vya viuno umeviandika kwa chaki. Mwalimu mkuu amekuja kuziulizia mara mbili, anaanza kwa pole, anamaliza kwa sketi.

Haya. Unamkumbuka Afande Chafya wa televisheni?

Nakuchokoza tu, najua unamkumbuka. Tangu mwaka ule wa vita hukulitaja jina lake, na televisheni uliikataa nyumbani kwako mpaka wanao wakawa wageni wa kudumu kwa majirani. Watu walidhani ni dini. Mimi nilijua si dini, nikanyamaza.

Tangu ufe nimeshikwa na udadisi wa ajabu juu ya yule mtu. Nawauliza watu wa rika letu hapa sokoni, wananitazama kama nimepungukiwa. Mmoja anasema alikuwa mtu wa posta, mwingine anaapa alikuwa mwoka mikate. Mjukuu wangu amemtafuta kwenye simu hadi chaji ikaisha. Atampataje? Jina la Afande Chafya tulimpa sisi watoto wa mtaa, na jina lake la Kizungu hakuna aliyelishika. Kuna siku nafikiri tulimwota. Lakini watu wawili hawawezi kuota ndoto moja kila Jumamosi jioni, tena wakiwa wamekaa kwenye mkeka mmoja sebuleni kwa Bwana Otieno.

Alikuwa mtu wa posta, nakwambia. Ana pua ndefu, ana mfuko wa barua, na mfukoni ana kikopo cha pilipili. Akiona mtu anaonewa, anafungua kikopo, ananusa, anapiga chafya, na nguvu zinamshukia: anainua gari, anasimamisha treni kwa kidole. Ila nguvu zile zilidumu mpaka afute pua. Akishafuta, basi, amekuwa mtu wa posta tena. Ndiyo maana majambazi wa mji ule wote walitembea na leso safi, wakimbembeleza kwa upole afute. Bwana Otieno, dereva wa malori, Mkenya wa watu, jirani yetu ukuta kwa ukuta, alikuwa akitufasiria Kiingereza huku anajipiga mapaja: "Anasema hapana asante, mimi napenda kamasi zangu!" Mpaka leo najiuliza kama alisema hivyo kweli.

Na Baba je! Baba fundi cherehani, mtu wa swala tano, aliyesema televisheni si haramu lakini pia si kazi. Alikaa nje barazani amelipa dirisha mgongo, akitusubiri aturudishe nyumbani kabla ya Magharibi. Sisi tumelelewa kwamba mtu akipiga chafya atamshukuru Mungu, na aliyemsikia atamwombea rehema. Basi Afande Chafya akipiga ya kwake, sisi wawili tulipaza sauti: "Yarhamukallah!" Na kutoka barazani sauti ya Baba: "Amesema Alhamdulillah?" Tunajibu, "Hapana, Baba!" Naye: "Basi, asiyemshukuru Mungu hajibiwi. Nyamazeni." Kila Jumamosi, wallahi. Nami nikawa najiuliza, kama hatazami wala hasikilizi, anajuaje kwamba mtu amepiga chafya?

Kisha vita vikaja. Wanajeshi wa serikali iliyokuwa inaanguka walikimbia kupitia Jinja, wakichukua magari, magodoro, na watu pia. Wakenya walitafutwa, wakaitwa majasusi. Mama alikuwa kwao Nakaloke, amekwenda kujifungua. Tulibaki watatu. Wewe kumi, mimi sita, na Baba.

Siku ile mchana tulisikia gari linasimama nje ya duka. Baba akatusukuma chumba cha nyuma, nyuma ya majora ya kaki, akasema, "Hata nzi asiwasikie." Akarudi mbele. Tukasikia buti, tukasikia maswali ya ukali. Ndipo ukaingiza mkono mfukoni ukatoa kikopo cha rangi ya viatu. Nilijua kilichomo. Tulikuwa tumesaga pamoja ile pilipili manga ya Mama.

Kaka, nilikuficha jambo hili miaka yote: sikuogopa. Nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa watakiona.

Ukanusa. Chafya ya kwanza ilitoka kama mlango umepigwa teke, na papo hapo nikamsikia Baba kutoka mbele, kwa sauti kubwa kuliko ya adhana: "Yarhamukallah!" Watu wakacheka. Wewe ukanivuta, ukaniziba masikio kwa viganja, ukaendelea kupiga chafya, nilizihesabu kwa mitetemo kifuani mwako, saba. Mara jora likavutwa, askari mmoja akatutazama, wenzake wakichungulia nyuma yake. Macho yako yalikuwa yanatiririka, kamasi hadi kidevuni, na hukufuta. Uligoma kufuta! Askari akaachia jora, wakaondoka. Baadaye kidogo mbele kukawa na kelele, kisha kipigo, kisha gari likaenda na Baba.

Alirudi siku ya tisa, kwa miguu, kiganja cha kulia kimevunjwa. Mifupa iliunga vibaya. Mkasi haukushikika tena mkononi mwake. Tulipohamia Nakaloke ukaniita nyuma ya jiko la Bibi ukasema, "Ni mimi niliyewaita nyuma, ndiyo maana wakampiga Baba. Usimwambie mtu." Nikaapa. Mtoto wa miaka sita akaapa, na mama mzima wa wajukuu akaendelea kukishika kile kiapo kama mjinga.

Ukaacha shule ukaketi kwenye cherehani. Baba akaketi kando yako kwenye kigoda, akikuonyesha kwa mkono wa kushoto hapa kata, hapa pinda. Miaka yote ile! Amani ikarudi, mkarudi Jinja, shule zikafunguliwa, mkashona sare za nusu ya mji, na sikuwahi kuwasikia mkibishana wala mkicheka. Watu walisema, tazama mtoto mwenye adabu. Hukuwa na adabu ya namna hiyo wewe, mimi nakujua. Ulikuwa unalipa.

Lakini jambo moja lilinikera kama mwiba wa samaki. Hukusema Alhamdulillah siku ile. Ungeisemaje, na pilipili ile? Basi kwa nini Baba alikujibu? Nilimuuliza mara moja tu, nilipokuja kusalimia baada ya harusi yangu. Akainuka kwenda kutawadha, na adhana ilikuwa bado sana. Nikaacha. Sasa najua heri ningeng'ang'ania.

Siku ya arobaini yako, watu wanakula, akaingia mzee wa fimbo ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Hana kofia, hajui akae wapi. Nikamsogezea kiti. Akasema amesikia tangazo la kifo redioni, huko kwao Busia upande wa Kenya, jina lako na "mtoto wa marehemu fundi", na ndipo alipojua kwamba hata fundi alishatangulia. Kisha akaniuliza, "Huyu ndiye yule kijana wa chafya?"

Bwana Otieno, kaka! Amekunjamana, lakini sauti ni ileile ya kufasiri.

Nilimpeleka chumbani kwako pamoja na mjukuu wake, nikafunga mlango, nikamwambia sema. Siku ile alikuwa dukani. Sisi tulikuwa uani, hatukujua. Gari lake lilikuwa limechukuliwa, akakimbilia kwa Baba, na Baba akamvika kanzu na kofia yake mwenyewe, akamketisha kwenye cherehani kama fundi wake. Askari walipoingia, mmoja akamshuku. Akamwambia, "Kama wewe Islamu, soma Fatiha." Bwana Otieno akafungua kinywa. Hakuna kitu. Anasema aliona bunduki inainuka, akawa anamtafuta Mungu kwa Kijaluo.

Hapo ndipo ulipopiga chafya.

Baba akajibu kwa nguvu. Askari mmoja akaangua kicheko, akasema, "Hii ni ile ya televisheni!" Nao waliitazama, unaona? Nawe unaendelea, ya pili, ya tatu. Na Baba akasema, kaka, nisikilize vizuri hapa, Baba akasema: "Ni wanangu, afande, wana mafua, njooni muone." Akawafungulia pazia la chumba chetu. Wakaingia wote kutazama, wakicheka, na Bwana Otieno akatoka na ile kanzu mlango wa mbele, akakata kuelekea kwenye reli. Waliporudi wakakuta kiti kitupu. Mkono wa Baba ulivunjwa kwa sababu ya kile kiti. Si kwa sababu yako.

Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia yule mzee wa watu, yaani Baba aliwaleta watu wa bunduki kwa watoto wake? Na angekuwa askari mwingine je? Akanijibu kwamba swali hilohilo ndilo lililomla Baba. Amani iliporudi, alimtafuta hadi Nakaloke akiwa na shukrani mkononi, na Baba akamtoa nje kabla hajanywa chai. Alimsihi: "Usiwaambie wanangu kwamba niliwafungulia pazia. Yule mkubwa hanitazami usoni tangu siku ile. Nadhani alinisikia." Bwana Otieno akaahidi, na ahadi ameitunza mpaka wote wawili mmekwenda.

Hukumtazama usoni kwa sababu ulidhani umemvunja mkono. Yeye akadhani unajua kwamba alikutoa kwa askari. Mkakaa kigoda kwa kiti, goti kwa goti, kila mmoja akimwogopa mwenzake, na kati yenu neno moja tu lilihitajika, na mimi nilikuwa nalo. Ningemwambia Baba, "Yusufu anadhani ni kosa lake," yote yangemalizika siku hiyo hiyo. Nilikuwa na neno lile utoto wangu wote, na ujana wangu wote, na pale hospitalini wiki ya mwisho, uliponiuliza kama Baba aliwahi kunung'unika kuhusu mkono wake. Nikakwambia lala, kaka. Nilichoweza kukwambia ni lala.

Nisamehe. Siandiki ili nijiliwaze, naandika kwa sababu deni la siri ni langu mimi niliyebaki.

Halafu udadisi haujaniisha, unajua nilivyo. Najiuliza kama yule askari aliyecheka yu hai na anawasimulia wajukuu kipindi kile. Najiuliza kama kuna mji fulani huko nje ambako wazee wanakumbuka jina lake la kweli. Najiuliza kama ulipokuwa unagoma kufuta pua uliamini mpaka mwisho, au ulishajua wewe ni mtoto tu. Bwana Otieno anasema hilo halina maana. Mjukuu wake alikuwa amesimama pale mlangoni, binti mrefu, mwalimu wa hesabu, ananitazama kwa macho ya mtu anayesikia kwa mara ya kwanza alivyonusurika kutozaliwa.

Jumamosi nakwenda Jinja. Nitawaketisha wanao wote, Twaha mbele, nitawasimulia habari hii tangu mwanzo, na sehemu yangu mbaya sitairuka. Nitamwambia Twaha aondoe ile shuka. Hiyo ni ahadi, na safari hii si ya kunyamaza.

Lala salama, kaka yangu. Mungu akupanulie kaburi lako, akutie nuru. Na ukimkuta Baba huko, usimsubiri aanze yeye. Hataanza, unamjua. Anza wewe.

Dada yako,
Hadija