Mpiga Tarumbeta Uliyemwacha Bila Tarumbeta

Mwaka umezunguka, Baba, tangu uliposema unajilaza kidogo mpaka udongo ukauke. Udongo ulikauka. Wewe hukuamka.

Tunakuandikia tangazo hili la kumbukumbu sisi wa nyumbani kwako. Mama amesema niandike mimi, kwa sababu Kaka akiandika atajaza maneno makubwa, na Shangazi akiandika atakugombeza. Mimi sina mengi. Nitaandika tuliyoyaona.

Kwanza ujue kwamba tumechoka. Hatulii tena kama mwanzo. Ni uchovu tu, ule wa kuamka na kukuta kiti chako kiko palepale na mwenyewe hayupo. Mama anafagia chumba chako, halafu anafunga mlango taratibu kana kwamba ndani kuna mtoto aliyelala. Kaka akirudi kazini anakaa na viatu miguuni mpaka chakula kinapoa. Watu walituambia mwaka ukiisha tutakuwa tumezoea. Labda ndiyo hivi, tumezoea kuchoka.

Wengi walikujua kama fundi wa meno ya bandia. Ulifanya kazi katika chumba cha nyuma cha kliniki, chenye dirisha moja na harufu ya nta. Wagonjwa hawakukuona, ila kazi yako waliivaa. Ukipita mtaani ulikuwa unawatazama watu wakicheka, na Mama alikukanya kila mara: "Acha kukodolea watu midomo, watadhani una njaa." Nawe ukamjibu, "Naangalia kazi yangu kama inatafuna vizuri."

Wale askari wadogo wa mezani walianza kwa bahati. Rafiki yako Bati, tunayemwita hivyo kwa sababu kazi yake ni kuyeyusha bati na kulimimina kwenye kalibu, alikuletea farasi mdogo wa kuchezea aliyevunjika mguu. Aliomba umtengenezee mguu kwa nta ya meno. Ukautengeneza, halafu ukamgeuza yule farasi huku na huku, ukasema, "Mguu umepona. Mgonjwa ni huyo aliyebaki. Hii ni meza yenye mkia." Bati akakasirika, akasema basi finyanga wa kwako. Ukafinyanga. Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikaingia jeshini.

Ni askari wa vita vya Napoleoni, vya zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wafupi wa kukaa juu ya kidole gumba. Wachezaji huwapaka rangi, huwapanga juu ya meza kubwa yenye vilima vya sponji, huwasogeza kwa rula na kurusha dadu kuona nani amekufa. Majirani walipokuuliza kama huyo Napoleoni ni ndugu yetu, uliwaambia ni shemeji wa mbali, na wapo walioamini. Ndipo wakaanza kukuita Jemadari.

Udongo wako haukuwa ule wa mtoni. Ulikuja kama utepe wenye rangi mbili, bluu na manjano. Ukizikanda pamoja zinakuwa kijani, na kuanzia hapo muda ni mfupi kabla haujawa mgumu kama jino. Kukanda ilikuwa kazi yangu. Nilipoacha shule kabla ya kumaliza, kila mtu alikuwa na ushauri. Wewe hukuwa nao. Uliniletea kiti, ukakiweka upande wa dirisha penye mwanga. Shangazi alipolalamika kwamba mtoto huyu haongei na wageni, ulimwambia, "Anaongea sana, dada. Ila anaongea na wa saizi yake," ukaonyesha waliosimama mezani.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukiwajenga. Kwanza mifupa ya waya, kisha mwili mtupu, kisha nguo, juu yake mikanda na vifungo. Hukukubali kuanzia kwenye koti. Ulisema koti bila mtu ndani linaonekana tu, hata kwa asiyejua. Kwa hiyo dirishani pako palikuwa na safu ya wanaume uchi wakisubiri kukauka. Shangazi alipoingia siku moja na kuwaona, alifunika macho kwa kanga.

"Kaka, wanaume wako hawa hawana aibu?"

"Vumilia kidogo, dada. Suruali zinakuja baada ya chai."

Hukuwahi kupanda farasi hata siku moja. Ulimtumia Kaka. Mtu mzima na ndevu zake alitambaa ukumbini kwa miguu na mikono, nawe ukimfuata nyuma umeinama.

"Goti la kushoto juu. La kushoto! Wewe farasi gani?"

"Farasi aliyechelewa kazini, Baba."

"Basi kimbia kama aliyechelewa."

Mama naye umemweka jeshini, ingawa alikataa kusimama atazamwe. Ulimchungulia akipika, na yule askari wa mzinga aliyeshika kiuno akingoja wenzake wamalize uzembe ni yeye mtupu. Wachezaji hawajui. Huwa wanasema tu kwamba yule wa mzinga anatisha.

Na kuna jambo ambalo hukutuambia. Mmoja wa wachezaji, dereva wa lori, alipoteza mkono kazini. Siku ya msiba wako alitutolea mfukoni ofisa mdogo juu ya farasi, mkono mmoja hana, mkono mtupu wa shati umekunjwa na kubanwa kifuani kwa kifungo, naye amekaa wima kuliko wote. Alisema ulimpa bila maneno, ukabadilisha mazungumzo. Hukumruhusu Bati amimine wa pili kama yule. Tulijua siku hiyo, tukiwa tumeshika sahani za wageni.

Sasa nikueleze habari za mpiga tarumbeta.

Wewe unaijua kazi, Baba, lakini wanaosoma tangazo hili hawaijui, wacha niwaambie. Askari anayefinyangwa kwa mkono ni mmoja tu. Ili wapatikane wengi, huyo mmoja hulazwa katikati ya vipande viwili vya mpira, vikabanwa kwa nguvu na kupashwa moto mpaka mpira ushike umbo lake. Hapo ndipo bati linapomiminwa. Wengi wanatoka kwenye kalibu, lakini yule wa kwanza mara nyingi huvunjika ndani. Wewe hukujali. Ulikuwa ukipangusa vipande vya kijani, ukisema, "Amemaliza kazi yake," ukavitupa.

Ndiyo maana ulipoondoka, rafu zote zilijaa askari wa bati, na hapakuwa na hata mmoja uliyemgusa kwa vidole. Isipokuwa huyo. Mpiga tarumbeta wa kikosi cha wapanda farasi, farasi wake ameshaanza kukimbia, singa za shingoni zimelala nyuma kwa upepo. Mkono wa kulia haukuwepo, ni waya tu uliotokeza begani. Ulikuwa ukingoja mwili ukauke ndipo uuweke.

Mama alimchukua jioni ya mazishi. Akamweka kwenye kabati la vioo, kati ya vikombe vya wageni, akafunga na ufunguo akautia kwenye pochi yake.

Baada ya miezi michache Bati alikuja. Alikaa ukingoni mwa kochi, kofia mkononi.

"Shemeji, sina maneno mazuri. Kikosi kile kimebaki bila mpiga tarumbeta. Jamaa wanangoja. Aliwaahidi yeye mwenyewe."

"Aliwaahidi, na sasa yuko wapi?" Mama akamjibu. "Ukimbana kwenye mashine yako atapona?"

Bati alitazama sakafu. "Udongo ni udongo, shemeji. Siwezi kukudanganya."

"Basi kunywa chai yako."

Akanywa. Alirudi tena, na tena, na kila mara alipewa chai. Shangazi alimwambia Mama, "Wifi, unalinda kinyago cha kijani kilema. Kaka yangu hakai kabatini." Mama akatoka chumbani, hawakusemezana mpaka mvua zikaisha. Kaka alikuwa upande wa Mama asubuhi na upande wa Bati jioni. Mimi sikuulizwa, nami sikusema. Lakini nilikuwa na hofu yangu. Nilijua kwamba siku Mama akikubali, mkono ule utahitaji wa kuufinyanga, na mwenye kiti cha dirishani nilikuwa nimebaki mimi.

Siku yenyewe haikuwa na shughuli. Mama alikuwa anapangusa vikombe, akaacha kitambaa ndani ya kabati lililo wazi. Kisha akaja na yule mpiga tarumbeta kwenye kiganja.

"Nimechoka kumlinda," alisema. "Kila wiki nampangusa, kila wiki naogopa nitamdondosha. Baba yako mwenyewe hakuwa akiwaogopea hivi. Mmalizie."

"Nikimharibu je, Mama?"

"Utakuwa umemharibu wewe. Afadhali kuliko mimi na kitambaa."

Nilikanda udongo, Baba. Ulikuwa umezeeka, ukingo wake umeshaanza kuwa mgumu, nikaukata kama ulivyokuwa ukifanya. Nilitia mate kwenye sindano ili udongo usinate. Niliujenga mkono mtupu kwanza, nikaacha ukauke, ndipo nikauvika. Mkono wa kwanza ulikuwa mrefu kama wa nyani, nikaung'oa. Wa pili ulikaa. Tarumbeta niliilaza karibu na shavu, sikuacha nafasi chini yake, kwa sababu ulinifundisha kwamba mpira ukipata upenyo unaingia na kumng'oa mtu. Kaka alichungulia akasema anaonekana kama anakunywa soda. Nikaurekebisha. Sikukaa kwenye kiti chako. Nilikaa kwenye changu.

Kwa Bati tulikwenda watatu, Mama, Kaka na mimi. Ni kibanda chenye joto, ukuta umejaa kalibu za mviringo zilizotundikwa kama vifuniko vya sufuria. Alimlaza mpiga tarumbeta kwenye mpira kama anayemlaza mgonjwa, akafunika, akakaza skrubu. Tukangoja nje juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mama alikunja na kukunjua ukingo wa kanga.

Alipofungua, farasi alikuwa amekatika shingo. Miguu miwili ilikuwa unga. Mkono wangu ulikuwa umetoka kipande kimoja na bega lako, vimeshikana.

Bati alianza kuomba radhi. Mama akamwambia, "Mimina."

Wa kwanza akatoka akiwa wa moto. Bati alimpoza kwa maji akampa Mama. Mama akamleta karibu na macho, akampeleka mbali, kwa sababu macho yake siku hizi hayaoni vya karibu. Singa zilikuwepo, na upepo wako ndani yake. Aliniuliza, "Ulianzia wapi wewe?" Nikamwonyesha begani. Akapitisha kucha pale, mara mbili, akitafuta mshono. Hakusema kama aliupata.

Vile vipande hatukuvitupa, Baba, utusamehe. Hatujafika huko.

Jumamosi iliyofuata Kinyozi, aliye mkubwa wa wale wachezaji, alitualika ukumbini kwao, juu ya duka la matairi. Mama hakuwahi kupanda zile ngazi miaka yote uliyokuwa ukizipanda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, pochi mapajani. Kinyozi alikuwa amempaka mpiga tarumbeta koti jekundu, akamtanguliza mbele ya kikosi kwa heshima yako. Kikosi kikasogea mbele ya kilima. Upande wa pili ukarusha dadu za mizinga, na watu wote wakainama kuzisoma.

"Samahani, mama," Kinyozi akasema. "Dadu hazina adabu."

Aliwaokota wapanda farasi mmoja mmoja, na mpiga tarumbeta pamoja nao, hajakaa vitani hata robo saa.

"Mnampeleka wapi?" Mama akauliza.

"Kwenye boksi, mama. Amekufa."

"Ndiyo basi?"

"Hapana, mama. Ni mpaka Jumamosi. Jumamosi tunawapanga wote upya, wanaanza."

Mama aliinama akalitazama lile boksi. Ni boksi la viatu, limetandikwa sponji, kila mmoja na kishimo chake. Sote tulidhani atainuka tuondoke. Akashusha pochi sakafuni, akaisogeza chini ya kiti.

"Jumamosi mnaanza saa ngapi?"

Wewe Jumamosi huamki, Baba. Hilo tumelijua mwaka mzima, kila wiki, na bado linatuchosha. Lakini Mama sasa Jumamosi anavaa viatu vyake mapema, anatungoja mlangoni na kusema tunamchelewesha. Anafika, anakaa, anatazama wakitolewa kwenye boksi. Wakishapangwa wote anasema, "Haya," na mchezo unaanza.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anashika kiuno vilevile. Na mwanao wa kwanza, farasi wako. Na dada yako, ambaye amesema niandike kwamba ulikuwa mkaidi. Na rafiki yako Bati na wachezaji wote wa Jumamosi. Na mimi, kitindamimba wako, ninayekanda udongo.

Pumzika, Jemadari. Kukusahau hatuwezi, na hatutajaribu.