Mlo wa Msumeno

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 23 Machi

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu na heshima zote anazostahili mkubwa kutoka kwa mdogo wake. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na macho? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi ukifungua saa ndogo za kike unavaa miwani juu ya miwani, na kwamba wanao wanakuita Bundi. Waambie shangazi yao amecheka mpaka akakohoa, lakini wakome, mzazi hapewi jina la ndege. Sisi huku tu wazima. Mimi sina ninachoumwa ila mafua ya vumbi la mbao, ambayo kwetu si ugonjwa, ni sare ya kazi. Baba anakula vizuri na analala vizuri.

Najua uliniomba, miaka mingi iliyopita, nisikuandikie habari za baba. Nimeitii amri hiyo katika barua zote. Leo naivunja, na nakuomba usiiweke barua hii chini mpaka umefika kwenye jina langu.

Hujawahi kufika kiwandani kwetu, kwa hiyo nikufundishe maneno machache kwanza, maana bila hayo hutaona nilichokiona. Gogo likishalazwa mezani, mkato wa kwanza tunauita kufungua. Kipande cha kwanza kuanguka, kile chenye gome mgongoni, ni banzi, na mabanzi huishia kwenye uzio wa kuku. Baada ya banzi ndipo mbao zinaanza. Mbao mbili zilizolala pamoja ndani ya gogo, zikatenganishwa na mkato mmoja tu, ni mapacha. Ukizilaza wazi kama kitabu, kila fundo la huku lina mwenzake kule. Mapacha hawauzwi mbalimbali. Aliyewahi kuwatenganisha alisemwa mpaka akahama kazi. Na ile sehemu ya mti inayogeuka unga kila msumeno unapopita, unene wa milimita tatu hivi, tunaiita mlo wa msumeno. Mteja mgeni huja na gogo la inchi kumi akitegemea mbao kumi za inchi moja. Tunamuuliza, je, msumeno wenyewe umeualika uje kutazama tu?

Mimi ni mpimaji. Napima kila gogo linaloingia, naliandika namba, nalikagua gome. Mkataji wetu mkuu ni mzee mmoja tunayemwita Milimita. Ana vidole vinane. Viwili vilikwenda siku msumeno ulipogonga waya uliomezwa na mti, mkanda wake wa meno ukakatika na kuchapa kama mjeledi. Mwenyewe husema msumeno ulikuwa na njaa na yeye alikuwa karibu. Tangu siku hiyo aliweka desturi. Kabla ya kufungua gogo lolote huligonga mara moja kwa kisigino cha shoka na kuuliza kama lina siri. Aliyelileta lazima ajibu, aliyelipogoa matawi lazima ajibu, na mpimaji lazima ajibu. Wote watatu wakisema halina, ndipo mashine inawashwa. Ukijua kuna msumari au waya ukanyamaza, umeuza vidole vya mwenzako.

Sasa nanakili kutoka shajara yangu, nisije nikapamba.

Ijumaa tarehe 7. Limeshushwa gogo namba 212. Mkangazi. Urefu futi tisa, upana upande wa chini inchi arobaini na moja, upande wa juu lina panda. Limetoka nyuma ya nyumba za zamani za wafanyakazi. Limekatwa kwa sababu mizizi ilikuwa inanyanyua bomba la maji.

Kaka, ni mti wetu, ule wa nyuma ya karakana ya baba. Niliutambua kwa kovu la pale ulipokata tawi la manati yako. Limekuwa jicho la mviringo, kubwa kama sahani. Nilisimama mbele yake na kamba ya kupimia mkononi mpaka dereva wa winchi akaniuliza kama gogo limenitolea posa.

Unakumbuka kwamba mti ule ulikuwa na mashina mawili yaliyoachana juu kidogo ya kichwa cha baba, na kati yake palikuwa na mwanya wa kuingia mkono wa mtoto. Mwanya haupo tena. Mashina yalinenepa, yakakutana, yakawa gome moja. Nilipitisha vidole vyangu pote pale, sikupata hata mshono.

Na sihitaji kukukumbusha kilichotokea chini ya mti ule, lakini nitakiandika, kwa sababu shajara inayoruka siku mbaya si shajara. Ilipotea timazi ya baba. Timazi ya shaba, nzito kama yai la bata, yenye ncha, ambayo babu alimwachia. Hakuna fremu ya mlango baba aliyoisimamisha bila kuining'iniza timazi ile kwanza. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, ndio kwanza umeanza kushika randa, na wewe ndiye uliyeitumia mwisho. Uliapa kwamba uliitundika kwenye msumari wake. Baba akasema umewauzia wanunua vyuma, na kwamba mkono ulioiba timazi hautashika randa yake. Mwaka uliofuata ukaenda kwa mjomba ukiwa na mfuko mmoja. Toka hapo ulirudi mara moja tu, tulipomzika mama, ukasimama upande mmoja wa kaburi na baba upande wa pili.

Jumatano tarehe 12. Tumelifungua namba 212.

Milimita alikuwa na furaha tangu asubuhi, kwa sababu anapenda panda kuliko sehemu yoyote ya mti. Anasema pale nyuzi za mashina mawili zinapogombania njia ndipo uzuri unapozaliwa. Alilipanga gogo ili msumeno upite katikati ya mioyo yote miwili. Akaligonga kwa kisigino cha shoka, akauliza. Aliyelileta akasema halina. Aliyelipogoa akasema halina. Nami nikasema halina.

Banzi likaanguka. Mbao zikafuata moja baada ya nyingine, nyekundu ya nyama mbichi, na harufu ikajaa bandani, ile harufu ya karakana ya baba asubuhi. Mkato wa saba ndio ulioingia katikati. Ulikuwa umeshaifikia panda sauti ilipobadilika. Chuma kwa chuma hulia kwa ukali na kutoa cheche. Hii ilikuwa kama kijiko kinachokwaruza sufuria, laini, ndefu. Milimita aliinua mkono tuzime. Kabla mashine haijatulia sauti ilikuwa imekwisha, na unga uliokuwa ukimwagika mwekundu ukatoka na vimulimuli vya dhahabu.

Tukafunga minyororo, tukaunyanyua ubao wa juu na kuulaza kando ya mwenzake, wazi kama kitabu.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa na sijaona kitu kama kile. Pale mashina mawili yalipokutana pamechorwa unyoya mkubwa, upana wa mkono wangu mmoja ulionyooshwa, kila uzi ukiwaka na kuzimika ukihamisha kichwa. Na katikati ya unyoya, kwenye kila ubao, nusu ya timazi ya baba. Msumeno uliipasua kuanzia tundu la uzi hadi nchani, sawasawa, kama tunda. Ilikuwa inang'aa kuliko siku ilipopotea. Kuizunguka pana kivuli cha kijani, na juu yake mstari mweusi mwembamba kama wa penseli. Huo ndio uzi wake, au ulipokuwa uzi. Milimita alivuta kamba kutoka moyo wa shina hadi ncha ya timazi, akapima mara mbili, kisha akavua kofia. Alisema haikuinama hata kwa mlo mmoja. Miaka thelathini na minne mti umenenepa, umeyumbishwa na pepo, umeikumbatia kwa nguvu za kuweza kupasua jiwe, na timazi imeendelea kuonyesha chini. Nilihesabu miviringo kutoka kwenye shaba hadi kwenye gome. Nilipata thelathini na tatu, au nne. Mkangazi hauandiki miaka yake kwa usafi kama mimi, lakini umeandika.

Wenzangu walianza kubuni. Mmoja akasema ni hirizi, mwingine akasema ni risasi ya mzinga. Mimi nikawaambia ni timazi, ni ya baba yangu, na nikaketi chini kwenye unga.

Kaka, sasa soma polepole. Hukuiiba. Hilo unalijua. Ninalotaka kukuambia ni kwamba hata mimi nalijua, tangu siku ile ile.

Niliichukua mimi. Nilikuwa na miaka minane. Ilikuwa kwenye msumari wake, pale pale ulipomwambia baba, pale pale uliporudia kusema mpaka sauti ikakukauka. Nilikuwa nimemwona baba akipima kila kitu isipokuwa mti, nikataka kujua kama mti wetu umesimama wima. Nikapanda juu ya pipa la maji, nikaishusha kwenye mwanya wa panda. Uzi ukakwaruza gome, ukakatika. Niliiona imesimama kule ndani, shibiri mbili kutoka kwenye vidole vyangu. Nikajiambia nitamwambia baba akirudi. Akarudi, akaona msumari mtupu, akaita jina lako kwanza. Laiti angeanza na langu. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi kusema, na keshokutwa zaidi, na mti nao ukawa unafumba mdomo kidogo kidogo pamoja na mimi. Shajara yangu ya kwanza kabisa ina mstari mmoja: "Leo kaka ameondoka na mfuko wa bluu." Sikuandika kwa nini.

Na lipo la pili. Jumatano ile, Milimita alipouliza, nilijibu halina, na sauti yangu ilitoka safi kabisa. Nilijidanganya kwamba ilishaoza, kwamba ilibaki kwenye kisiki. Vidole vyake vinane vilikuwa kwenye mpini. Shaba ni laini ndiyo maana hatukumzika mtu. Nilimweleza yote jioni ile wakati anafagia. Alinitukana vizuri, akaniuliza kama nilitaka aanze kuhesabu kwa vidole vya miguu. Halafu akaegemeza ufagio, akasema kuanzia sasa swali la siri nitauliza mimi, kila gogo, ili niwe nalisikia.

Jumamosi tarehe 15 nilimleta baba bandani. Macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli tu, lakini mikono haijazeeka. Aliupapasa unyoya, akatabasamu, akasema hii ni panda, na imekatwa na mtu anayejua. Kisha dole gumba likafika kwenye shaba. Likafuata ukingo hadi begani, pale palipobonyea babu alipoiangusha kisimani. Likabaki pale.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Kwanza aliniita mjinga, nami nikashukuru, kwa kuwa tusi hilo nimelingoja tangu nikiwa na miaka minane. Baada ya hapo aliendelea kuipapasa shaba mpaka msumeno wa jirani ukamaliza ubao mzima. Halafu akasema, bila kunigeukia, kwamba fremu ya mlango alikuwa akiipima mara mbili, na mwanawe hakumpima hata mara moja. Akauliza pacha mwingine yuko upande gani, nikamwongoza mkono.

Anataka kutengeneza mlango wa mabawa mawili. Nilimkumbusha kwamba mbao hizi zina unene wa inchi mbili, na mkangazi hukauka mwaka mmoja kwa kila inchi. Yeye ana miaka sabini na tisa. Akaniambia yeye alijua kukausha mbao kabla mimi sijaota meno. Hanidanganyi, kaka, na mimi simdanganyi. Kwa hiyo hakukuita uje siku ya mlango. Amekuita uje siku ya kupanga mbao. Kabla ya kukauka, mapacha hulazwa mmoja juu ya mwenzake na kuwekwa vijiti katikati, hewa ipite wasioze wala kupinda. Baba amevikata vijiti kumi na viwili mwenyewe, kwa kupapasa, na hataki mtu mwingine aviweke ila wewe. Amesema anayejua kushika shaba ndogondogo za saa bila kuzitikisa ataweza na kijiti. Mbao zimesimama ukutani zikingoja, na Milimita ananung'unika kila asubuhi kwamba zitapinda.

Mimi sikuombi unisamehe kwa barua. Ukija ukanipita mlangoni bila salamu, nitakubebea mfuko.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi iliyokunjwa. Ifungue juu ya meza yako ya saa, na usipige chafya. Ni unga wa mkato wa saba ambao Milimita aliufagia peke yake na kuniwekea: mkangazi na shaba pamoja. Ndiyo sehemu pekee ya timazi isiyoweza tena kurudi mahali pake. Nusu mbili zilizobaki nilizichomoa kwenye mbao, nikajaribu kuzifumbata pamoja, kisha nikazirudisha. Zinakutana, zimepungua milimita tatu tu.

Nisalimie wifi sana, na Bundi wadogo mmoja mmoja. Baba ananiambia nimalizie, maana anataka kuipeleka posta kwa mguu wake.

Ni mimi mdogo wako, yule yule uliyesema hata randa humruka,

Kifundo