Zabibu za Tololo

Vicuña, 4 Mei

Mwanangu Maite,

Hujambo huko mgodini? Baridi ya Calama haijakupa mafua? Mimi mzima. Chinchila wako Tololo, kipanya wetu wa manyoya, naye mzima, tena kanenepa! Jioni nikikaa kunywa chai, Tololo anarukia kiti cha marehemu baba yako. Namkatia mkate, namwekea zabibu nilizokausha mwaka huu. Anazishika kwa mikono miwili kama padri. Nyasi zake kavu hazitaki tena, na nani angezitaka?

Mama yako

Calama, 5 Mei

Shikamoo Mama,

Sijambo, ila ujumbe wako umenitoa jasho. Mama jamani! Zabibu ni sukari tupu, na mkate unamvimbisha tumbo. Yeye ni mnyama wa milima mikavu: nyasi kavu mchana na usiku, kijiko kimoja cha chakula chake cha dukani, na maji safi. Basi! Meno yake hayaachi kukua, nyasi ndizo zinayasaga. Nakuomba uchungulie kinyesi chake. Kikipungua, mpeleke kwa daktari wa wanyama La Serena.

Binti yako

Vicuña, 6 Mei

Salamu nyingi, daktari wangu. Bonde zima tumekuzwa kwa zabibu na hatujafa! Ila tangu jana hajala, amejikunyata tu, na kinyesi sikioni. Labda kaninunia.

Mama yako

Calama, 6 Mei

Mama, salamu baadaye. Hajanuna, tumbo limesimama, halisagi tena! Atakufa. Panda basi sasa hivi. Nakupigia, mbona hupokei?

Maite

Vicuña, 10 Mei

Mwanangu, hujambo? Nisamehe, nilipousoma ujumbe wako nilikimbilia basi, simu nikaisahau nyumbani. Nilikaa kwa shangazi yako La Serena, daktari akimlisha uji wa nyasi kwa bomba la sindano. Leo ameguguna nyasi mwenyewe, na kinyesi kimetoka. Nimelia, mwenzangu! Zabibu zote nimempa jirani. Daktari aliniuliza kwa nini nilimlisha mezani. Nikamwambia, sasa nile na nani? Kuanzia leo Tololo anakula kizimbani mwake, na meza nimeifunika.

Mama yako

Calama, 11 Mei

Shikamoo Mama,

Mungu mkubwa! Siku zote hizo usingizi sikuuona. Lakini chakula cha Tololo umenieleza chote. Wewe je, unakula nini? Nijibu leo.

Binti yako

Vicuña, 20 Mei

Mwanangu,

Tololo anakula vizuri.

Mama yako