Rozari kwa Warusi Watatu

Kizwite, Sumbawanga,
14 Novemba 1971

Kwako Kaka Basil,

Shikamoo kaka. Ni matumaini yangu karatasi hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa vumbi kimetulia. Sisi huku tunapumua. Mume wangu Oswaldi hajambo, bado anajenga kwa watu, na watoto wanakusalimu. Mvua za kwanza zimenyesha na baridi imekwisha. Mimi ukiniuliza hali nitasema sijambo, maana nikijipapasa sioni panaponiuma.

Barua yako ya Oktoba nimeipata. Umesema utakuja Krismasi pamoja na mganga, ili ijulikane nani alimuua Mama. Umemtaja Mwanamvua, jirani yangu, mke wa Hamis mwenye duka, kwa sababu ndiye aliyemletea Mama uji siku ile, na kwa sababu waliomwosha Mama walisema midomo yake ilikuwa myekundu kama ya mtu aliyelishwa sumu. Tena umesema umeshamwandikia balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Eustaki. Nimeisoma mara tatu. Wewe hukuwepo, kwa hiyo itabidi nianzie mbali kidogo, nawe univumilie.

Unakumbuka Mama alipohamia kwangu kutoka Msanzi baada ya Baba kufariki, hakuwa na kazi ya kumchosha. Kazi aliipata kwenye redio ya Mwanamvua. Mwaka jana mwezi wa Aprili alisikia kwamba Wamarekani watatu wamekwama njiani kwenda mwezini, chombo chao kimepasuka. Mama akashika rozari. Alisali siku zote nne, chakula akionja tu, na waliporudi salama alipokea habari hizo kama mtu aliyekuwa akingoja habari za wanawe. Hamis akaanza kumwita Bibi Mwezi, na jina likashika mtaa mzima.

Sabasaba ya mwaka huohuo gari la sinema lilikuja uwanjani, wakatundika kitambaa cheupe, tukaoneshwa roketi inavyoondoka. Kaka, moto ulitoka chini, ukapanda mpaka ukajaza kitambaa chote, na juu ya moto huo, walituambia, wameketi watu. Vijana walipiga miluzi. Mama alijifunika uso kwa kitenge. Njiani aliniuliza kama yule anayeuwasha moto anawajua waliokaa juu yake kwa majina. Nikamjibu kwamba bila shaka anawajua, ni wafanyakazi wenzake. Akasema basi mtu huyo ana moyo mgumu, na yeye asingeweza.

Mwaka huu mwezi wa Juni wakaenda Warusi watatu, wakakaa kwenye nyumba yao huko angani wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama akasali tena, kila mmoja na rozari yake. Evaristi, katekista wetu, alimkanya kwa upole kwamba hao ni watu waliomkana Mungu. Mama alimjibu kwamba huenda wao wamemkana, lakini mama zao hawajamkana, na usiku wanasali kimyakimya. Evaristi alicheka, akamwachia hoja yake. Mama hakuogopa wao kukaa huko juu. Aliogopa kushuka. Alisema kupanda mti hata mtoto anaweza, kazi ni kuteremka.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe, Jumatano tarehe thelathini Juni. Unaijua baridi ya Ufipa mwezi huo. Mama tangu utoto wake alilala kando ya moto, chini ya paa la nyasi, moshi unajitafutia njia wenyewe. Nyumba yangu ni ya mabati, yale uliyotuletea wewe, na Oswaldi alikuwa ameipiga lipu na kuziba kwa udongo kila mwanya kati ya ukuta na bati, kwa sababu Mama alilalamika kwamba upepo unamfuata mpaka kitandani. Watu walikuja kuitazama nyumba hiyo. Walituambia sasa ndiyo nyumba bora. Kwa hiyo asubuhi ile nilimwekea jiko la mkaa ndani, na Mwanamvua akamletea redio yake, mawe ya betri ameyaanika juani tangu jana yake yapate nguvu, ili Mama asikie wale watatu wanashuka lini. Mimi nikaenda kuvuna ulezi.

Nilirudi saa nane mchana. Redio ilikuwa inapiga muziki wa dansi. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, rozari mkononi, kichwa kimeegemea ukuta. Nilimsalimu. Nikavua kanga ya kichwani, nikaikung'uta makapi, nikamsalimu tena. Nilipomgusa ndipo nikajua. Niliona kizunguzungu nikatoka nje kutapika, na watu walisema ni uchungu wa msiba.

Mengine uliyaona mwenyewe ulipofika. Kuna moja tu hukulisikia. Kwenye matanga, wanaume waliokaa uani walikuwa wakinong'ona kwamba wale Warusi nao wamekufa, siku ileile. Wenzao walifungua mlango wa chombo wakawakuta wameketi kwenye viti vyao, hawana jeraha. Nilikuwa natenga ugali. Niliwaza kwamba afadhali Mama hakulisikia hilo, nikaendelea kutenga ugali.

Wiki mbili baadaye nilikwenda dukani kwa Hamis kununua chumvi, nikakuta watu wameizunguka redio. Ilisema wakubwa wa Urusi wametambua sababu. Chombo kilipokuwa kinashuka, hewa yote ilitoka. Mtu mmoja akauliza, hivi mtu aliyekosa hewa hasikii, asipige kelele? Mwalimu Clemens alikuwepo. Akasema ya angani yeye hayajui, ila anajua ya hapa chini: mtu akifungiwa na jiko la mkaa katika nyumba isiyo na upenyo, kichwa kinamuuma kwanza, kisha anapata usingizi, kisha basi. Tena midomo yake huwa myekundu kana kwamba yu mzima. Alikwisha kuyaona Mbeya, kwa wanafunzi wawili. Nilichukua chumvi yangu nikarudi nyumbani. Nikapika, tukala. Sikulia siku hiyo, na mpaka leo sijalia. Oswaldi ananitazama kwa jicho la kuniuliza, nami namwambia nimechoka.

Unaona ninakoelekea. Lakini usidhani umefika, kaka, bado kidogo. Kuweka jiko ndani si kosa ambalo ningelificha. Ningelisema, tungelia pamoja, tungesema ni ujinga wetu wa watu wa nyumba za nyasi. Mabati yako wala usiyalaumu.

Siku ile nilirudi nyumbani mara mbili. Sikumwambia mtu. Saa tano nilirudi kuchukua kikapu nilichosahau. Nilimkuta Mama anasugua paji la uso, na dirisha liko wazi. Nikamuuliza nani amelifungua. Akasema ni Mwanamvua, alipoleta uji, kwa kuwa Mama alimwambia kichwa kinamuuma, na Mwanamvua akasema chumba kimekuwa kizito. Nilikasirika. Nilisema huyo mke wa dukani anakaa ndani ya blanketi siku nzima, baridi ya kikongwe anaijua wapi? Nikalifunga dirisha. Nikashindilia gunia kwenye upenyo wake. Mama aliniomba niliache wazi kidogo tu. Nikamwambia baridi itamuua. Nikaongeza mkaa, nikachukua kikapu, nikarudishia mlango.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa karibu miezi mitano nimewasikia watu wakisema ni uji, nami nikanyamaza. Dukani kwa Hamis hawanunui tena. Kisimani Mwanamvua anateka maji peke yake, wengine wanangoja aondoke kwanza. Tangu barua yako ilipomfikia mzee Eustaki mambo yamezidi. Amewashauri kwa heshima wahame, yasije yakatokea mabaya, na wameafikiana na mwenye lori atakayewachukua Jumamosi ya tarehe nne Desemba.

Juzi nilikwenda kwa Mwanamvua. Nilimkuta anapanga vyombo ndani ya sanduku. Nikamwambia yote, nimesimama hapohapo mlangoni. Aliendelea kufunga vikombe kwa magazeti. Kisha akaniambia kwamba anajua tangu siku ile. Alipokuja mbio kwa vilio vya watu aliliona gunia dirishani, na yeye dirisha alikuwa ameliacha wazi. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, anatukanwa mtaa mzima, mume wake anaharibikiwa, naye ana neno moja tu la kusema. Akasema aliyefiwa na mama yake haongezewi mzigo. Alidhani ningesema mwenyewe, akanisubiri. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mzee Eustaki, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega, akasema uchungu umenizidi na urafiki wa majirani ni jambo jema, ila yeye ana barua ya mtoto mkubwa wa marehemu. Bila neno lako haiti kikao cha kumsafisha Mwanamvua. Ndiyo maana nakuandikia haraka, na barua hii naituma kwa mkono wa dereva anayefika huko Alhamisi.

Kaka, mganga usimlete. Mtu unayemtafuta amekwisha kukuandikia, na mwandiko wake unaujua. Mwandikie mzee Eustaki upesi, barua imfikie kabla ya Jumamosi hiyo. Msomee wifi barua yangu ukitaka, wala usiwafiche watoto. Ukija Krismasi na ukaona huwezi kula kwangu, nenda kwa mdogo wetu Leonardi, nitaelewa, nami sitakuja kukusumbua. Ila ukija kwangu, utakuta dirisha la chumba kile nimeling'oa. Oswaldi aliniuliza kwa nini, na jana usiku nilimwambia. Alitoka nje akakaa huko mpaka kulipokucha.

Oswaldi anakusalimu, ingawa hakuniagiza. Watoto wanasema shikamoo mjomba. Wasalimie wifi na jirani zako wote wanaonifahamu. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Fransiska

Nimesahau jambo moja. Mwanamvua ameniomba nikupe pole ya msiba. Anasema ulipokuja kuzika hukumruhusu akupe mkono.